Namna Soksi Alivyotembea

Nyuma ya jengo moja la maduka ya jumla pale Xiaobei, Guangzhou, kuna uchochoro, na ndani ya uchochoro, karibu na mlango wa ofisi ya mizigo, kuna benchi. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya marobota mawili ya mapazia ambayo mwenyewe hakurudi kuyachukua. Swalha wa Mombasa huja hapo mchana na chupa yake ya kahawa chungu na vikombe visivyo na mikono, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, na watu wakaanza kujaa. Siku za kazi huwezi kusikilizana vizuri, maana vijana wa mizigo wanafunga maboksi na ule utepe wa gundi wa kahawia unalia kama kitambaa kinachochanwa. Jumapili kunatulia. Ukitaka kujua kilo ya Dar imefika bei gani, au nani viza yake imegoma, utaambiwa hapo. Lakini mwaka huu, ukifika Jumapili, utakuta mazungumzo ni ya farasi tu.

Wenye benchi walikuwa watatu. Dullah Mizani, Mzanzibari, kazi yake kupima mizigo ya watu, na jina la Mizani alipewa kwa sababu hakuna jambo asilolipima kwa kilo. Papa Désiré wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu kule soko la Zhanxi, mtu mzima, shati limenyooshwa hata kwenye joto la mwezi wa saba. Na Kamande Saisi, Mkenya, ambaye ujanani aliwahi kuogesha farasi kwenye uwanja wa mbio Nairobi, na tangu hapo hajaacha kuzungumza habari zao.

Wa nne hakuwa mwenye benchi. Aliitwa Edina, mwenyeji wa Njombe, amekuja kwa ufadhili kusomea shahada ya pili ya tiba ya mifugo. Alifika pale mara ya kwanza kutuma boksi la nguo kwa dada yake. Akiwa anasubiri risiti, akawaona wanaume wameinamia simu moja wanatazama farasi wakitembezwa kabla ya mbio za Hong Kong. Akachungulia. Akasema, bila kufikiri sana, kwamba yule namba tano mgongo unamuuma. Namba tano akamaliza wa mwisho. Toka siku hiyo jina lake likawa Daktari, na kahawa yake hailipiwi.

Ni kitu kidogo, lakini kilimwingia. Kule chuoni siku zake zilipita akikata vipande vya nyama vyembamba kama karatasi na kuvipaka rangi kwenye vioo. Profesa wake hakuwa mtu mbaya, ila kwenye vikao watu waliongea Kichina haraka na Edina alikaa nyuma, akicheka wenzake wakicheka. Kijiweni akifungua mdomo, wanaume watatu walinyamaza. Basi akaanza kusoma farasi kama anavyosoma mtihani. Jioni bwenini alipitia rekodi zao: nani kakimbia umbali gani, kapumzika muda gani, alibeba uzito gani, alimalizaje. Kisha akatazama video za mbio zilizopita, si mara moja. Pesa yake hakuweka hata siku moja. Hilo alijiambia mara nyingi, kwamba yeye anasoma tu, wanaobeti ni wao.

Kubeti farasi Guangzhou hakuruhusiwi, na mwanafunzi wa ufadhili akikutwa nako anarudishwa kwao. Kwa hiyo mikeka ya kubeti ilichezwa na Larissa, mtoto wa dada yake Papa Désiré, anayeishi Hong Kong na ambaye kila Jumapili alikwenda uwanjani mwenyewe, akasimama kwenye uzio wa kiwanja kidogo wanapotembezwa farasi, akarekodi video na kumtumia mjomba wake.

Jumapili ninayoisimulia, farasi wa kuzungumzwa alikuwa Soksi. Jina lake la Kichina liliwashinda, wakampa hilo kwa sababu alikuwa mwekundu mwili mzima isipokuwa mguu wa mbele wa kushoto, mweupe hadi gotini. Walimpenda. Alikuwa ameshika nafasi ya pili mara mbili mfululizo, akapumzishwa, na sasa anarudi akiwa ameshushwa daraja, anakimbia na farasi wa chini yake.

— Leo hakuna mjadala, alisema Dullah. — Kapunguziwa uzito. Mie kilo nazijua, yakhe. Ukimpunguzia mnyama kilo tatu, mwisho wa safari ni hatua nzima.

— Na geti la kuanzia? Ako ndani kabisa, akasema Kamande. — Hatazunguka mbali. Halafu farasi hukumbuka mahali alipopigwa. Huyu alishindwa kwa kona ile ya mwisho. Akifika pale leo atakimbia kwa hasira.

— Hapana, bon, sikieni, alisema Papa Désiré akiweka kikombe chini taratibu. — Mi nauza viatu. Kitu ya kwanza naangalia ni kiatu. Farasi mwenye alibadilishiwa viatu juma hii, usimwekee. Kiatu mpya inabana, hata iwe ya mfalme.

— Kiatu cha farasi ni chuma, Patroni, hakibani, alisema Kamande.

— Mguu ni mguu.

Swalha akamwongezea kahawa. Dullah alifikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya ukoo:

— Mnajua uzito unaopotea kwenye hesabu? Wa yule mpandaji. Wanampima na tandiko lake, wanaandika. Lakini mtu aliyefiwa ni mzito. Wallahi nawaambieni. Mie nimebeba jeneza, nimebeba na mtu aliyezimia kwa kilio. Yule wa pili alinishinda.

Hakuna aliyecheka. Papa Désiré aliitikia kwa kichwa polepole.

— Ni vile. Na farasi naye. Ukiona anageuza kichwa kutazama watu, iko anatafuta mtu mwenye anamjua. Akimpata, atakimbia kwa ajili yake.

— Na wanajuanga siku wameuzwa, Kamande akaongeza. — Hiyo nimeona na macho yangu. Karatasi hazijaandikwa bado, farasi amekataa kula.

— Daktari, unasemaje? Dullah akauliza.

Edina alikuwa amekaa mwisho wa ubao, karatasi ya rekodi magotini. Alisema kwamba kwa rekodi Soksi ndiye bora. Ila kuna jambo moja halikai vizuri. Kabla ya kupumzishwa, mbio mbili za mwisho, alipofika kwenye mnyooko wa mwisho alivutika kwenda upande, kama anakimbia kitu. Halafu likaja pumziko refu. Halafu daraja likashuka. Mwenye farasi anayekaribia kushinda kila mara hamshushi daraja bila sababu.

— Sababu ni kutaka ushindi rahisi, alisema Kamande.

— Inawezekana, kaka. Ngoja tumwone anavyotembea.

Video ikaingia. Papa Désiré akampa Edina simu kwanza, siku hizi ndivyo walivyofanya. Ilikuwa fupi. Soksi alipita mbele ya uzio akiongozwa na mtunzaji wake, shingo inang'aa, masikio mbele, mzuri kama picha. Edina akairudia. Akairudia tena, mara hii akiificha sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja ili aone miguu peke yake. Ule mguu mweupe ulimsaidia, kwa sababu ulionekana wazi kila ulipotua. Haukutua bapa. Ulitua kwa ncha ya kwato, haraka, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto, kisha ukaondoka mapema kuliko mwenzake. Akaondoa kiganja akatazama kichwa. Mguu mweupe ukigusa chini, kichwa kinapanda. Kidogo sana. Ukigusa mwingine, kinashuka.

Akainua uso.

— Anaumwa, alisema.

— Nani?

— Soksi. Mguu wa mbele, ule mweupe. Anaukwepa.

Wakainama wote watatu. Kamande aliitazama video kwa muda mrefu kuliko wengine.

— Mimi naona anatembea tu.

— Angalia kichwa, kaka Kamande. Sasa. Umeona?

Kamande akasogeza uso karibu na kioo.

— Pengine, alisema.

Hapo mambo yakabadilika, na Edina aliyaona yakibadilika. Dullah alinyanyuka akakaa tena. Papa Désiré alivuta kalamu mfukoni. Watu wote Hong Kong walikuwa wamemwekea Soksi. Kama Soksi hashindi, anayemfuata, yule mweusi namba nane, atalipa vizuri kuliko siku zote walizowahi kubeti. Dullah alisema hivyo kwa sauti tulivu, kama anayesoma lebo ya boksi.

— Tunahamia namba nane.

— Yote, akasema Papa Désiré.

Edina alikuwa bado ameshika simu.

— Jamani, mimi sijasema atashindwa. Nimesema anaumwa. Farasi anayekwepa mguu akienda taratibu, akilazimishwa kukimbia kwa nguvu zote mguu unaweza kukatika. Na juu yake kuna mtu.

 Kijana mmoja alipita na pikipiki ya umeme isiyo na sauti, wakasogeza miguu.

— Kuna madaktari wao pale, alisema Kamande. Alizungumza kwa upole, hakuwa anabishana. — Hao farasi hukaguliwa asubuhi, wanakimbizwa, wanaguswa miguu mmoja mmoja. Wamesema yuko sawa. Wewe umemwona kwa simu, Daktari.

— Anaweza kuwa mzima asubuhi na mchana akaanza.

— Na anaweza kuwa amekanyaga tu kijiwe.

Hilo lilikuwa kweli. Hakuwa na hakika. Alikuwa na video fupi iliyorekodiwa na mkono unaotikisika, na masomo ya ng'ombe na mbuzi.

— Tungemwambia Larissa aseme, alisema. — Amesimama pale pale. Amwambie mtu yeyote wa uwanja kwamba yule farasi atazamwe tena.

Dullah alimtazama kwa huruma.

— Aseme kaambiwa na nani, dada? Na mwanafunzi aliyekaa kichochoroni Guangzhou? Watamuuliza, wewe na huyo mwanafunzi mnatazama farasi kwa nini? Mwenye ufadhili hapa ni wewe, si mie.

— Na wakimtoa kwa mbio, akasema Papa Désiré, na hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza. Soksi akitolewa, kila mtu atamkimbilia namba nane, na namba nane hatalipa kitu.

Simu ikaita mkononi mwa Edina. Alikuwa Larissa, kwa picha, kofia pana ya jua kichwani, nyuma yake watu wanapita.

— Mama Daktari, mbote. Mbali na mjomba, nataka kusikia kwako. Bado kidogo wanafunga kubeti. Unasema nini?

Edina aliiona sehemu ya kiwanja nyuma ya bega la Larissa. Aliona mwanamume mwenye koti jeupe, kama la daktari, ameegemea uzio, si mbali na Larissa, mikono nyuma, anatazama farasi. Ingetosha Larissa ageuke. Edina alihesabu moyoni maneno ambayo yangehitajika na yalikuwa machache, hata kwa Kiingereza. Akaona pia barua ya ufadhili, na mama yake Njombe aliyeitia fremu akaitundika sebuleni. Akaona watu watatu waliomtazama wakingoja, watu pekee katika mji huu wote waliokuwa wakingoja aseme neno. Na akafikiri, kama ni kijiwe? Kama nimekosea na nimewachekesha watu?

— Usimwekee Soksi, alisema. — Weka namba nane.

— C'est tout? Hivyo tu?

— Hivyo tu.

Larissa akakata. Papa Désiré akamgusa Edina bega, akachukua simu yake, akaisimamisha juu ya boksi ili wote waone.

Mbio zilikuwa fupi, kama zote. Farasi walitoka getini pamoja, na mwanzoni Soksi alikwenda vizuri, mbele upande wa ndani, ule mguu mweupe ukiwaka na kuzima kati ya miguu mingine. Edina alijikuta akimwomba Mungu awe amekosea. Kwa nafasi ya pumzi mbili aliamini amekosea, na moyo wake ukapata nafuu kubwa, kubwa mno, akatamani mikeka yote ichanike. Wakaingia kona ya mwisho. Soksi alijivuta nje. Mpandaji akamrudisha. Kisha kichwa chekundu kikazama, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, na yule mpandaji, kijana mwenye shati la njano, akaruka juu ya shingo yake na kutoweka kwenye picha. Farasi waliokuwa nyuma wakapanuka kumpisha. Kamera ikawafuata walio mbele, maana ndiyo kazi yake.

Namba nane alishinda kwa urefu wa farasi wawili.

Hakuna aliyenyanyuka. Mtangazaji alipayuka kwa Kikantoni mpaka Swalha akanyoosha mkono na kupunguza sauti. Picha iliporudi nyuma, kwa mbali, waliona watu wanne wanakimbia kwenye nyasi na pazia refu la kijani. Wakalizungusha mahali pale pa kona ili watu wasione.

Kamande alivua kofia.

— Hilo pazia ni la nini? Dullah akauliza, ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua.

— Hawalileti kama farasi anaweza kusimama, alisema Kamande.

Baadaye kidogo Larissa akatuma sauti. Haikuwa sauti ile ya mwanzo. Alisema yule mpandaji amebebwa na gari, ameonekana akisogeza mkono, watu wanasema ni bega na mbavu, atapona. Farasi, hapana. Alisema pia kwamba mkeka umetiki, akasema hivyo kwa haraka, kama mtu anayemaliza kazi aliyotumwa. Kisha akasema, Mjomba, mimi nimesimama hapa, kuna mzee wa Kichina analia, nadhani farasi ni wake.

Papa Désiré aliisikiliza mpaka mwisho. Alikunja karatasi yake mara nyingi hadi ikawa ndogo.

— Sehemu yako iko, Daktari, alisema. — Leo lazima uchukue. Bila weye tungepotea.

— Mimi sibeti, Papa Désiré.

— Najua. Lakini ni haki yako.

— Siitaki.

Alisema vizuri, bila hasira, kwa sababu hakuwa na wa kumkasirikia. Hawakumziba mdomo. Walitoa hoja zao, na Kamande alizitoa kwa adabu. Simu ilikuwa mkononi mwake yeye, na Larissa alimuuliza yeye, na alimuuliza mara mbili.

Ni hapo Felisia alipoingia uchochoroni. Alikuwa amefika Guangzhou wiki ile ile kutoka Kariakoo, safari yake ya kwanza, na alikuwa akitafuta mtu wa kumsafirishia friji za maduka. Mwenye hoteli alimwelekeza kwa Dullah. Akasalimia, akaitikiwa kwa unyonge. Swalha akampa kahawa. Felisia alikaa kwenye ukingo wa robota akawatazama mmoja mmoja.

— Poleni. Mmefiwa?

— Hapana, alisema Dullah. — Tumeshinda.

— Mmeshinda nini?

Dullah akamweleza. Alimweleza kwa ufupi na kwa haki, hakujipamba. Alisema kulikuwa na farasi ambaye watu wote walimwekea, na huyu dada hapa, ambaye ni daktari wa wanyama, alimwona kwenye video akagundua mguu unamuuma, kabla ya watu wote. Kwa hiyo wao wakamwekea mwingine, wakapata. Yule mgonjwa alianguka, amekufa, na aliyempanda ameumia.

Felisia alisikiliza kwa makini, kama mgeni anayetaka kuelewa mambo ya mji. Aligeuka kwa Edina, na usoni mwake hakukuwa na lawama yoyote. Kulikuwa na heshima.

— Uliona kabla hajakimbia?

— Ndiyo, alisema Edina.

— Kwenye simu tu hivi?

— Ndiyo.

— Mungu amekupa macho, dada. Akanywa kahawa, akakunja uso kwa uchungu wake. — Sasa mlimwambia nani?

Dullah aliangalia chini. Kamande alikuwa na kofia yake mikononi, akiizungusha. Papa Désiré akaikunja tena ile karatasi yake ndogo. Swalha, ambaye Jumapili zote hizo hakuwahi kusema lolote juu ya farasi, alimtazama Edina na kungoja pamoja na mgeni.

Felisia akadhani hawakumsikia. Alikuwa tayari kurudia, kisha akaona namna walivyokunja nyuso, akawaachia nafasi kwa adabu. Alidhani wanajaribu kulikumbuka jina la waliyemwambia.